Siku Tuliyomheshimu Mama Akeno Akiwa Jikoni

Siku ya harusi yangu nimeisahau nusu, mwanangu, na mke wangu akisikia hivyo atanuna wiki nzima. Lakini iko siku moja ya Lodwar ambayo naikumbuka yote, kuanzia tulipofunga turubai asubuhi hadi magari ya wageni yalipoondoka. Naikumbuka kwa sababu siku hiyo nilifanya kosa mbele ya watu wengi, na watu hao wakanipigia makofi. Laiti wangenizomea, labda ningejirudi mapema. Sasa nimezeeka nalo, na nataka ulisikie kutoka kinywani mwangu nikiwa bado na pumzi.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, jambo ambalo wakati ule kwetu lilitosha kumfanya mtu atembee kifua mbele, na nilikuwa katibu wa kamati ya maendeleo ya mtaa. Katibu! Nilitafuta mkoba wa ngozi, na ndani yake hamkuwa na kitu ila kalamu mbili na leso. Wazee wa kamati hawakujua kuandika, kwa hiyo kila jambo lililohitaji karatasi lilipitia kwangu, nami nikaanza kuamini kwamba kila jambo lililofanyika mtaani lilifanyika kwa sababu yangu. Usicheke. Nimewaona vijana wa siku hizi, wenye kompyuta mgongoni na kitambulisho shingoni, wakiugua ugonjwa huo huo.

Mama Akeno alikuwa jirani yetu. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu usogee karibu ili umsikie. Hakuwa na cheo chochote. Alichokuwa nacho ni boma lenye vibanda viwili vya makuti ya mkoma, kando ya lagha ya Kawalase, ule mto wetu ambao miezi mingi ni mchanga mtupu na siku mbili tatu ni maji yenye hasira.

Wakati ule akina mama wajawazito walikuwa wakitoka mbali kuja kujifungulia hospitali ya Lodwar. Wengine walitoka Lokiriama kule mpakani, wengine Lowarengak kando ya ziwa. Wakifika, wanaambiwa siku zao bado, warudi nyumbani. Warudi nyumbani wapi? Mtu ametembea siku tatu na tumbo la miezi minane. Basi walikuwa wakilala nje ya ukuta wa hospitali, kwenye vumbi, wakingoja uchungu uwashike. Mama Akeno alimkuta mmoja wao hapo akitoka sokoni, akamshika mkono, akampeleka kwake. Wiki iliyofuata walikuwa wawili. Baada ya mwaka mmoja boma lile lilikuwa halikosi wanawake watano au sita wenye matumbo makubwa, wameketi kivulini wakisuka mikeka.

Hakuifanya kazi hiyo peke yake. Wanawake wa mtaa walimfuata bila kuitwa. Mmoja alileta kuni, mwingine alichota maji, na mmoja aliyewahi kusafisha wodi kwa miaka mingi ndiye aliyejua ni saa ngapi mtu akimbizwe hospitali. Walikuwa na kitanda cha kamba, na uchungu ukimshika mtu walimbeba juu yake wanne wanne, wakipita katikati ya soko huku wakipiga kelele watu wapishe. Sisi wanaume tulikuwa tukiwapisha. Mchango wetu uliishia hapo, kupisha.

Shida yao ilikuwa moja. Boma lile lilikuwa bondeni. Kila mawingu yalipotanda upande wa milimani, Mama Akeno alikuwa akisimama ukingoni mwa lagha akitazama juu, hata chakula hali. Na huko juu karibu na hospitali kulikuwa na ploti ya umma, yenye mawe mengi, ambayo haikuwa na kazi ila kulaza mbuzi. Aliitaka ploti hiyo. Hakuitaka iwe yake, aliitaka iwe ya wale mama. Alikuwa ameenda ofisi hii na ofisi ile, na kote aliambiwa aje kesho.

Ndipo ikaja habari kwamba mkubwa mmoja kutoka Nairobi angetutembelea, na kwamba angependa kuona kazi za wananchi. Kamati ikakaa. Mimi ndiye niliyesema, "Tumtuze Mama Akeno mbele ya mgeni." Nia yangu ilikuwa njema, hilo nalisema bila aibu. Nilimpenda mama yule na niliona kazi yake. Wala usidhani nakusimulia habari za mtu mbaya, maana mtu mbaya usingejifunza kwake.

Wazee wakakubali, lakini Mzee Lomuria, mwenyekiti wetu, akaleta jambo gumu. Je, dume linachinjwa kwa ajili ya mwanamke? Wewe umekulia mjini, labda hujaliona hili vizuri. Kwetu heshima kubwa ni nyama, na nyama ile huliwa na wanaume walioketi nusu duara, kila mmoja mahali pake kwa umri wake, na paja la nyuma ni la wakubwa. Mwanamke haketi pale. Basi wazee walibishana asubuhi nzima, mimi nikiandika. Mwishowe wakakata shauri kwamba dume lichinjwe kwa jina la Mama Akeno, na liliwe kama desturi inavyotaka. Tulifurahi sana kwa hekima yetu. Hakuna aliyeuliza yeye mwenyewe atakula nini, na ataketi wapi akila.

Halafu likaja swali la wageni, watu wa wali na chai, ambao nyama ya moto wa kuni peke yake isingewatosha. Nani atapika? Kila mtu alisema kwa kinywa kimoja: kundi la Mama Akeno, nani mwingine? Na kweli, hakuna waliojua kulisha watu wengi kuliko wao. Nikachukua kalamu, nikaandika ratiba. Mstari mmoja ulisema: Mtunukiwa, Mama Akeno. Chini kidogo ukaja mwingine: Chakula, Mama Akeno na kundi lake. Mwanangu, niliandika mistari hiyo miwili kwenye karatasi moja, kwa mkono huu huu, na sikuona kitu.

Siku chache kabla ya sherehe alikuja nyumbani kwangu, akanisalimu kwa Kiturkana na kwa jina langu.

"Ejok, Ewoi."

"Ejok, Mama. Karibu kiti."

"Sikai. Nimesikia mtanipea cheti."

"Ndiyo, Mama. Cheti na shuka. Na dume litachinjwa."

"Asante. Sasa mimi nataka kitu moja tu. Dakika tano. Niongee na huyo mkubwa mbele ya watu. Nitamwonyesha hao mama, nitamwambia mambo ya ile ploti. Akisema ndiyo kwa ofisi, atasahau. Akisema ndiyo mbele ya watu, hawezi sahau."

"Utazipata, Mama. Lakini pia tumewaandika ninyi mpike."

"Kupika ni kazi yetu, hiyo haina maneno. Lakini dakika tano, Ewoi. Usinipoteze."

Nikamwambia aniamini. Nikaenda kwenye ratiba yangu nikamweka mahali ambapo kwa akili yangu ya wakati ule palikuwa pa heshima kubwa: mwisho kabisa, baada ya wazee wote, neno la shukrani.

Siku ikafika. Nilikuwa nimeazima koti, jua la Lodwar likinichoma ndani yake, na sikulivua. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa chini ya turubai. Mstari wa mbele niliweka kiti kimoja chenye karatasi yenye jina la Mama Akeno, kwa herufi kubwa. Wageni wakafika kwa kuchelewa. Ndani ya gari la mwisho mlikuwa na ofisa mmoja ambaye hatukumtarajia, na hakukuwa na kiti. Akasimama akitazama huku na huku. Mimi nikakimbia mbele, nikaibandua ile karatasi, nikaikunja nikaitia mfukoni, nikamwambia karibu, mheshimiwa. Nilijisemea kwamba Mama bado yuko mekoni, akija nitamtafutia kingine.

Alikuja. Alikuwa ameoga akavaa shuka mpya na shanga zake zote, na mikono bado ilikuwa imelowa. Nyuma yake walikuwa akina mama watatu na vichanga vyao, mmoja wa Lowarengak aliyejifungua siku kumi na mbili tu zilizopita. Akatazama mstari wa mbele, akaona umejaa, akaketi chini mchangani pembeni pamoja na wenzake. Haikupita muda, mtu wa kamati akaenda kumnong'oneza kwamba wageni wanataka chai, na wale wasichana mekoni hawajui sukari iko wapi. Akainuka, akaenda.

Hotuba zikaanza. Wazee saba walizungumza. Kila mmoja alimsifu Mama Akeno, tena kwa maneno mazuri. Mmoja alisema ni mama wa mji mzima. Mwingine alisema wanawake wote wajifunze kwake. Mgeni alikuwa akitikisa kichwa na kuandika kwenye kijitabu chake. Wakati huo wote, mama wa mji mzima alikuwa nyuma ya turubai, ameinama juu ya sufuria, moshi ukimtoa machozi. Nilimwona kwa macho yangu, upepo ulipofunua turubai.

Tatizo lilikuwa ndege iliyomleta mgeni, iliyokuwa ikingoja uwanjani. Rubani alikuwa amesema lazima waondoke kabla upepo wa mchana haujawa mkali, na mlinzi wa mgeni alishaanza kutazama saa. Aliyekuwa na kipaza sauti ni Mzee Lomuria. Alikuwa amemaliza habari za Mama Akeno kitambo, sasa anasimulia ukame wa ujana wake na ngamia waliokuwa wakiibwa. Mzee yule alikuwa mtamu wa maneno, lakini hakuwa na breki.

Hapo nikaguswa kwenye kiwiko. Ni Mama Akeno, na wale watatu nyuma yake wamebeba watoto.

"Ewoi. Sasa?"

Nikamtazama Mzee Lomuria. Nikatazama saa. Nilijua kabisa, mwanangu, usidhani sikujua, kwamba nikingoja, nafasi yake itapotea. Nilichotakiwa kufanya ni kutembea hatua sita, kumnong'oneza mzee, kuchukua kipaza sauti na kumpa mwanamke huyu. Nilifikiria wanaume watakavyonitazama. Kijana amemkata mzee kauli ili mwanamke aseme!

"Ngoja kidogo, Mama," nikasema. "Mzee anamalizia."

Hakumalizia. Mgeni akainuka katikati ya ngamia wa Mzee Lomuria, akaomba radhi, akataka kutoa cheti haraka. Likaitwa jina la Mama Akeno. Lakini kwa vile ilionekana watu wanaondoka, alikuwa ameshaitwa mekoni kufungia wageni chakula cha njiani. Jina likaitwa tena. Mimi, katibu, mwenye koti, nikapanda nikapokea kwa niaba yake. Watu wakashangilia na wanawake wakapiga vigelegele. Nilipigwa picha nikipeana mkono na mkubwa, nimeshika cheti cha mtu mwingine, natabasamu.

Nikamsindikiza hadi kwenye gari. Kabla ya kupanda akaniuliza, "Na huyo mama mwenyewe yuko wapi? Nilitaka hasa nimwone. Nilidhani atasema neno."

"Yuko hapa hapa, mheshimiwa," nikamjibu. "Yuko jikoni."

Akacheka kidogo, akasema, "Basi mpe salamu zangu." Mlango ukafungwa.

Nimeyarudia maneno yangu hayo mara nyingi kuliko sala. Yuko jikoni. Hatua thelathini tu kutoka hapo tuliposimama. Ningeweza kumwambia asubiri kidogo nimwite. Niliona haya kumchelewesha mtu mkubwa.

Nilimpelekea cheti chake mekoni. Alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga, mafuta hadi kwenye viwiko. Wale mama watatu walikuwa wameketi ukutani wakinyonyesha, hawanitazami. Nikaanza kumweleza habari za ndege na rubani.

"Weka hapo juu ya gunia," akasema. "Mikono yangu iko chafu."

Usiku ule sikulala vizuri, lakini kesho yake watu walinipongeza barabarani kwa sherehe iliyofana, nami nikapona haraka. Kijana akisifiwa hupona haraka mno.

Ile ploti ilizungushiwa uzio kabla mwaka haujaisha, ikajengwa ghala. Nilipita hapo nikaona mafundi wakichimba msingi, nikageuza njia. Mvua zilizofuata zilikuwa kubwa, na lagha ikajaa mchana kweupe, jua likiwaka Lodwar wakati maji yanatoka milimani. Mama Akeno aliwatoa wanawake wote sita, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyekufa maji. Lakini vibanda vyote viwili vilikwenda, na kitanda cha kamba, na mikeka, na unga. Waliketi kwenye baraza ya hospitali hadi mlinzi alipowaambia pale si pa kukaa. Kundi likatawanyika. Mama Akeno akaenda Kakuma kwa binti yake aliyeolewa huko.

Wanawake wa Lokiriama na Lowarengak hawakuacha kuja, bila shaka. Walirudi kulala nje ya ukuta, na wengine waliposikia hakuna tena pa kungojea, wakabaki kwao. Ni wangapi walijifungulia njiani? Ni watoto wangapi hawakulia? Sijui. Hiyo ndiyo inayonila, mwanangu. Ningekuwa najua ni mmoja ningemlilia huyo mmoja. Sijui hata jina moja la kulilia.

Miaka ikapita. Nilipata kazi ya ukalimani na shirika moja, nikawa nasafiri. Sikumtafuta Mama Akeno. Nilikuwa na sababu nyingi, zote za uongo, kwa maana Kakuma si Ulaya, basi lilikuwa linaenda kila siku. Kisha nikatumwa huko kwa mkutano. Kabla ya mapumziko, mwanamke mmoja wa Kongo, mkimbizi, anayeitwa Mama Furaha, akasimama kueleza kazi yao. Alisema wana nyumba ya wanawake wanaongoja kujifungua, na kwamba aliyewafundisha ni mama mmoja Mturkana. Nilimuuliza jina huku nikilijua.

Akanipeleka kwa miguu. Ilikuwa nyumba ya matofali ya udongo na mabati, kati ya mji na kambi, na uani walikuwamo wanawake wa Kiturkana, wa Kongo na wa Burundi wakichambua maharagwe pamoja. Mimi nilisimama mlangoni.

"Weye, Papa, mbona unasimama tu pa mulango?" Mama Furaha akanicheka. "Ingia, huku hatukulaka batu." Alimaanisha hawali watu.

Mama Akeno alikuwa kwenye kigoda, nywele zote nyeupe, macho yamefifia. Alinitambua kwa sauti. Tukasalimiana, akaniuliza habari za mke wangu na za mbuzi wetu. Kisha nikamwaga yote niliyokuwa nimeyabeba. Nikamwambia habari ya kiti, na ile karatasi niliyoibandua. Nikamwomba msamaha kwa kupokea cheti chake na kwa kumpikisha siku yake mwenyewe. Aliendelea kuchambua maharagwe hadi nilipomaliza.

"Ewoi, wewe umekuja kulia juu ya kiti?" akasema. "Mimi nimekaa chini maisha yangu yote. Chini haiumi. Cheti ilienda na maji, hata sikuitafuta. Kupika, hiyo nilikubali mwenyewe."

Nikadhani amemaliza.

"Lakini mimi nilikuwa na maneno. Wiki mbili nilikuwa naipanga. Nikichota maji, naisema. Nikiosha vyombo, naisema. Wale mama watatu niliwaambia, fueni nguo, mkubwa atawaona. Hiyo maneno ilikuwa inajenga nyumba, Ewoi. Ninyi mlitoa maneno yenu ya kunisifu, mkala muda yangu yote. Hakuna mtu alinitukana siku hiyo. Mlinisifu mpaka nyumba ikapotea."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, nifanye nini sasa ili nilipe.

"Ya Lodwar imekwisha," akasema. "Hakuna kitu utafanya." Halafu akaelekeza kidole ukutani. "Kama unataka kazi tu, mitungi iko pale. Maji imeisha tangu asubuhi."

Nikachota maji siku hiyo, na suruali yangu ya ofisi, nikipishana na wasichana waliokuwa wakinicheka kwa lugha nne. Nilichelewa mkutanoni na sikujali. Tangu hapo nilipata njia ya kufika Kakuma kila baada ya miezi michache, na kila nilipofika sikuulizwa kitu, nilionyeshwa mitungi. Hakunisamehe kwa maneno hata mara moja. Labda alinisamehe kwa kuniachia mitungi. Labda alihitaji maji tu.

Alifariki akiwa amelala, mchana, baada ya kula. Tulimzika huko huko Kakuma. Watu walikuwa wengi ajabu, na wengi walikuwa vijana ambao mama zao walipitia mikononi mwake. Na kama kawaida yetu, wakatokea wanaume wa kuhutubu. Msemaji wa shughuli, kijana mtanashati, akatangaza: "Sasa tumwite mzee wetu kutoka Lodwar, mtu wa kwanza kabisa kutambua kazi ya marehemu na kumpa heshima." Alikuwa ananiita mimi. Mtu fulani alikuwa amehifadhi ile picha.

Nikasimama mbele ya kaburi. Ningeweza kulia kidogo, nikasema machache matamu, nikaketi. Nikasema, "Huyo aliyetajwa siyo mimi. Siku tuliyomheshimu mama huyu, aliniomba dakika tano za kusema, nikamwachia mzee mmoja. Kwa sababu hiyo nyumba yake ya Lodwar haikujengwa. Mimi sina hotuba. Walioishi naye hapa ndio wenye maneno." Nikamnyooshea Mama Furaha kipaza sauti. Baadhi ya wazee walinitazama kama mtu aliyevua nguo msibani. Mama Furaha akakipokea, akasema, "Aksanti, Papa. Sasa kaa." Nikaketi chini. Wanawake wakazungumza hadi jua likageuka, na walichokisema hakikuwa sifa. Walisema chumba cha nyuma kinavuja, wanahitaji kitanda cha pili cha kubebea, na walimtaja kwa jina ofisa aliyekuwa pale na kumuuliza mbele ya watu wote lini. Naye akajibu lini.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Wewe na wenzako mko kwenye kamati na mashirika, na kila mwaka naona mabango ya kuwaenzi akina mama wanaoongoza kazi za jamii. Fanyeni, ni jambo zuri. Lakini kabla hujaandika ratiba, nenda kamuulize mama mwenyewe: siku hiyo unataka nini kitokee? Usibuni jibu lake. Akikuambia anataka kusema, aseme kwanza, wakati wageni bado wana masikio na magari hayajawashwa. Asiguse sufuria siku hiyo. Mkose chai kuliko yeye kukosa kauli. Sisi wanaume tupike, wali ukiungua tutaula hivyo hivyo. Na kama mzee ana kipaza sauti na wakati unakwisha, nenda kamnong'oneze. Atakasirika, na kesho atakuwa amesahau. Mimi nilimwogopa Mzee Lomuria, na yeye alipoondoka duniani hata hakuwa anaikumbuka hotuba yake.

Na usiridhike kwa kuwa umemsifu. Mwanamke anayebeba kazi ya watu anakuja mbele yako na jambo mkononi. Litazame lile jambo. Heshima yake iko humo.

Sasa inamisha kichwa. Akuj, Mungu wetu, akupe kifua cha kusimama pale mimi nilipokaa kimya. Akupe haya ya kuwaonea haya wanyonge, na akuondolee haya ya kuwaogopa wakubwa. Mama akikugusa kiwiko, ugeuke. Watoto wazaliwe chini ya paa, mama zao wanyanyuke wazima, na siku za maisha yako zisikuletee hata moja ya kujutia kama hii yangu. Iwe hivyo, mwanangu, na ubarikiwe.